Mrejesho: kinyonga wangu aliyegandwa na ngozi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki tatu nyuma niliuliza habari za kinyonga wangu wa Yemen, bado mdogo, wa miezi 4: ngozi ya zamani ilimganda vidoleni na mgongoni ana doa jeusi. Uliyenionya nisiibandue kwa mkono, Mungu akulipe. Nilikuwa nimeshashika kibanio.

Daktari wa wanyama hapa Maskat kasema ni mambo mawili. Doa ni kuungua. Taa ya joto ilikaa juu ya wavu kabisa, naye hupanda kuota mpaka mgongo unagusa. Nimeiinua, anapoota sasa ni nyuzi 28, na nampaka dawa kila siku. Iliniuma sana kujua.

Ngozi kuganda ni ukavu. Kizimba kilikuwa chini ya kiyoyozi kinachopuliza usiku kucha! Nimekihamisha, nanyunyizia majani maji alfajiri na jioni, mchana yanakauka. Bakulini hanywi; hulamba matone kwenye majani, jicho moja kwenye tone, jingine kwangu.

Nilidhani pia jua la dirishani linatosha, kumbe kioo huzuia UVB, ile miale ya jua anayoihitaji kwa mifupa yake. Nimemfungia taa ya UVB, na nyenje anaokula nawapaka unga wa kalsiamu.

Juzi ngozi ya kidole cha mwisho ilidondoka yenyewe, nyepesi kama ganda la kitunguu. Chini yake kidole kizima, kimekamata kijiti. Doa limeanza kufifia kingoni. Alhamisi tunarudi kwa daktari.