Grainda ya umeme ya kusagia kahawa nyumbani: visu, meno ya pia au meno bapa?

KikombeChaPili

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri kwa mnaosaga kahawa wenyewe nyumbani. Mwaka na zaidi sasa natumia kagrainda kadogo ka visu, kale ka kubonyeza kifuniko ndio kawake. Asubuhi nachuja kwa V60, kile kikombe cha umbo la koni unachoweka karatasi na kumimina maji juu, nikiwa na wageni natumia presi, lile jagi la kusukuma chujio chini. Shida yangu kikombe cha leo hakifanani na cha jana hata siku moja. Kahawa ileile, maji yaleyale, napima kabisa kwenye mizani gramu 15 kwa maji gramu 250, lakini leo maji yanashuka kwa dakika mbili tu kahawa inakuwa nyepesi na chachu, kesho yanakwama kwenye karatasi mpaka dakika tano na kikombe kinakuwa kichungu hadi ulimi unakauka.

Jana nikamwaga kahawa niliyosaga juu ya karatasi nyeupe nikaitandaza kwa kidole. Nimekuta vipande vikubwa kama robo ya punje vimekaa na unga laini kama poda ya mtoto, humohumo kwenye saga moja. Hapo nikajua siendi mbali na haka kamashine.

Kichwani nimebaki na tatu: Baratza Encore, hiyo ina meno yenye umbo la pia ya kuchezea, milimita 40, na hatua 40 za kurekebisha ulaini, halafu Fellow Ode toleo la pili, meno bapa kama sahani mbili zinazotazamana, milimita 64 na hatua 31, halafu hizi zinazosaga laini mpaka ya espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayokamuliwa kwa presha, kama DF64. Espreso sinywi kwa sasa ila huwezi jua. Nyie mnaonaje? Nataka ninunue mara moja nitulie.

fundi_mota

Mkuu ulichokiona kwenye hiyo karatasi ndio jibu, mengine yote yanafuata. Grainda ya visu haisagi, inakatakata. Kisu kinazunguka kama pangaboi, punje inayokutana nacho mara kumi inakuwa vumbi, iliyobaki pembeni inatoka nusu nzima, na kwavile hakuna mlango wa kutokea, ile ambayo imeshakuwa laini inabaki mulemule inaendelea kupigwa. Ya meno ni habari nyingine, kuna meno mawili, moja limetulia na lingine linazunguka, buni inaingia kwenye nafasi iliyo kati yao na ikishafikia udogo wa ile nafasi inatoka zake. Ukibana nafasi unapata laini, ukiachia unapata chenga. Ndio maana saizi zinakaribiana, nasema zinakaribiana sio zinalingana, maana hakuna grainda isiyotoa vumbi hata kidogo.

Na ujue kwanini inakusumbua hivyo. Maji yanakamua vumbi haraka sana mpaka ule uchungu wa mwisho, wakati huohuo kwenye chenga kubwa hata hayajafika katikati, kwahiyo zinaachia uchachu tu. Kikombe kimoja kina makosa mawili yanayopingana. Ukipunguza muda unaongeza uchachu, ukiongeza muda unaongeza uchungu, unazunguka hapohapo. Tena lile vumbi linashuka linaziba karatasi, ndio dakika tano zako hizo.

Hapo kwenye "huwezi jua" naomba utulie kidogo. Espreso ni gramu 18 za kahawa kutoa kama gramu 36 kwenye kikombe ndani ya sekunde 25 hadi 30, na ukisogeza meno kidogo sana tu hizo sekunde zinabadilika kabisa. Ndio maana grainda zake nyingi hazina hatua, unazungusha tu kama koki, DF64 iko hivyo, Eureka Mignon iko hivyo. Kwa mtu wa V60 na presi hiyo ni kazi ya bure, kila ukihama kutoka moja kwenda nyingine unatafuta upya alama uliyoiacha. Nunua kwa kahawa unayokunywa sasa hivi.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi usizihangaikie sana. Uliza meno ni ya chuma gani, yamekaa sawasawa kiasi gani, na ukilishika lile la katikati linacheza au halichezi.

MamaAlfajiri

Encore ninayo, mwaka wa sita huu. Kila siku ya Mungu saa kumi na moja na nusu inasaga gramu 30, ya kwangu na ya baba watoto. Kwa V60 nakaa namba 14 mpaka 16, presi naipeleka 28 au 30, na nikirudi kwenye 15 nakuta palepale nilipopaacha, kitu ambacho asubuhi ukiwa bado na usingizi kina thamani sana.

Kinachonifanya niipende zaidi ni vipuri. Kuna siku jiwe dogo lilikuwa limejificha kwenye pakiti ya kahawa, rangi ileile ya buni huwezi kulitofautisha kwa macho, likaingia. Mlio ule sitausahau. Nikazima nikachomoa waya. Kapete ka plastiki kanakoshikilia jino la juu kalikuwa kamekatika masikio yake, na nikaja kuelewa kuwa ndio kazi yake, kakatike kenyewe kabla meno na gia havijaharibika. Nikaagiza hako tu, nikakafunga mwenyewe bila fundi, mpaka leo inadunda. Tangu siku hiyo namwaga buni kwenye sahani kwanza, nazipitisha vidole ndio zinaingia.

ChengaNaVumbi

Mimi niko upande wa Ode na nina sababu. Nilitokea kwenye meno ya pia nikaja kwenye bapa, kahawa ileile pakiti ileile. Kwenye pia kikombe kilikuwa kizito, kinajaa mdomoni, utamu na ukali vimeshikana pamoja. Kwenye bapa vikaachana, nikaanza kusikia harufu ya maua kwanza, halafu tunda, halafu ule utamu wa sukari iliyoungua kwa mbali. Sisemi kila bapa ni hivyo, umbo la meno na yalivyonyooka lina kazi kubwa kuliko jina, ila kwa kahawa iliyokaangwa kidogo na kuchujwa kwa karatasi sijajutia hata siku moja.

Kingine ni kwamba haina pipa kubwa la kuhifadhia buni juu, unapima za kikombe chako, unamimina, inasaga inamaliza inajizima. Buni zingine zinabaki kwenye pakiti iliyofungwa, hazikai juu ya mashine wiki nzima zinapigwa na hewa na mwanga. Ila espreso isahau kabisa, haikutengenezwa kwa hiyo.

Mwanakinu

Mbona hakuna anayetaja za mkono? Kwenye ya umeme unalipia mota, gia, swichi, waya na boksi lake. Kwenye ya mkono hela karibu yote inaingia kwenye meno na beringi. Kwa bajeti ileile unapata usagaji mzuri zaidi, Timemore C2 kwa wanaoanza na Comandante C40 kwa aliyejipanga. Gramu 15 unazungusha dakika moja hivi, haipigi kelele, umeme ukikatika unakunywa kahawa kama kawaida.

MamaAlfajiri

Mwanakinu kaka yangu uko sahihi kwa kikombe kimoja. Mimi viganja vyangu vinauma asubuhi, siwezi kuzungusha gramu 30 za buni ngumu kila siku. Na yeye kasema ana wageni wa presi, lita moja ni kama gramu 60, hapo ni kujaza na kuzungusha mara mbili au tatu wageni wamekaa wanakungoja.

Mwanakinu

Kwa viganja nimekubali dada. Mwenye tatizo hilo achukue ya umeme bila kujiuliza.

visu_bado

Nataka niitetee kidogo ya visu maana sio kila mtu anaweza kununua nyingine leo. Mimi nilikaa nayo miaka mitatu na presi na kahawa ikanyweka vizuri. Usibonyeze ukashikilia, bonyeza sekunde mbili achia, itikise ikiwa imefungwa ili za juu zishuke, bonyeza tena. Saga kidogo kidogo, ukijaza sana chini panakuwa unga juu pazima. Ukimaliza pitisha kwenye chujio la chai lenye matundu madogo, vumbi linashuka chini, chenga zinabaki juu, hizo ndio unaweka kwenye presi. Utapoteza gramu mbili tatu lakini kikombe kitakuwa tofauti kabisa. Pia mkono ukae kwenye mashine, ukisikia imepata moto pumzisha.

fundi_mota

Hii ya chujio la chai ni kweli na mtoa mada aijaribu hata leo jioni. Kwenye presi kahawa yote inaloana pamoja dakika nne, kwahiyo vumbi likipungua kinabaki kitu kizuri. V60 ndio ngumu zaidi, pale maji yanapita, yakikuta njia rahisi yanakimbilia hukohuko.

KikombeChaPili

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Nina maswali mawili. La kwanza, nikifungua kifuniko vumbi linaruka linaganda kila mahali, kwenye meza, kwenye mkono wa shati, hizi za meno nazo zinafanya hivyo? La pili, nimeona moja inauzwa mtandaoni kutoka nje, imeandikwa volti 120, je kuna shida?

ChengaNaVumbi

Huo ni umeme tuli, buni zinasuguana na zinavunjika, chembe zinapata chaji zinashika kila kinachokaribia. Za meno nazo zinao. Dawa yake ni tone la maji. Chukua kijiko, chovya mpini wake kwenye maji, kung'uta, halafu koroga buni zako kwa huo mpini kabla hujazimimina. Basi. Sio kuloanisha mpaka zing'ae, ni unyevu tu. Mwaka 2023 timu ya Chuo Kikuu cha Oregon, mkemia Christopher Hendon akiwa mmoja wao, ilitoa utafiti kwenye jarida la Matter kuhusu jambo hilihili, wakaonyesha kuwa kiasi kidogo cha maji kabla ya kusaga kinapunguza chaji na kahawa haishikani mabonge, na kwenye espreso ikatoka nzito zaidi kwa buni zilezile. Mimi nafanya kila siku, kikombe cha kupokelea kinatoka kisafi.

fundi_mota

La volti nijibu mimi. Kama soketi zako ni 220 mpaka 240, mashine ya 120 ukiichomeka hivihivi unaiunguza. Na usifikirie utaokoa hela kwa kununua transfoma ndogo, mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Tafuta toleo la volti za kwako, yapo.

Na kabla hujaondoka, mambo ya kutunza. Usibane meno kwenda laini zaidi mashine ikiwa imezimwa na kuna buni katikati, unazisaga kwa nguvu ya mkono na unaumiza kirekebishio, iwashe izunguke ndio ubane. Meno ya chuma usiyaoshe kwa maji, yanaota kutu. Kila wiki mbili fungua jino la juu, tumia brashi ngumu, toa ile kahawa ya kahawia iliyoganda kwenye mifereji. Inuse. Yale mafuta yakikaa yanachacha, na huo mchacho ndio unaokuja kwenye kikombe chako kipya ukidhani buni ni mbaya. Ukitumia zilizokaangwa sana mpaka zinang'aa mafuta, safisha kila wiki.

KikombeChaPili

Wakuu narudi na mrejesho, imepita wiki mbili na nusu. Kuna mtu wa karibu aliniazima Encore yake siku tano, nikachukua buni za pakiti moja, gramu 15, maji 250, namba 15, sikugusa kitu kingine. Nikaandika muda wa maji kuisha kwenye karatasi: 3:05, 2:58, 3:10, 3:02, 3:06. Kwa kale ka visu wiki ile ya kwanza ilikuwa 2:20, 4:50, 3:15, 5:05. Nimezitazama hizo namba nikajua nilikuwa naongeza na kupunguza maji bure muda wote ule.

Ode imenivutia sana kwa maelezo ya ChengaNaVumbi, na kama ningekuwa mtu wa V60 peke yake ningeichukua. Lakini nusu ya kahawa yangu ni ya presi na ile habari ya kapete ka plastiki imeniingia moyoni, kitu kinachoharibika kipande kimoja na unabadilisha hicho tu. Nimechukua Encore ya kwangu, volti sahihi. Espreso nimeiacha, siku ikifika itakuwa na grainda yake.

Leo ndio asubuhi ya kwanza. Nimemwaga buni kwenye sahani nikazipitisha vidole, nikakoroga kwa mpini wa kijiko, namba 15. Maji yameisha dakika 2 na sekunde 40, uchachu upo kidogo mwishoni. Kesho niende wapi?

MamaAlfajiri

Shuka 14, inakuwa laini kidogo na maji yatachelewa. Mashine zinatofautiana kidogo, 15 ya mwenzio sio lazima iwe 15 yako. Na maji usiyaguse.