Nachoraje asumini bila kuchora asumini?

MwanaLangoni: Asalaam aleikum. Niko Lamu, napaka akriliki kwenye turubai. Nataka kuchora kikuba cha harusi, kile kishada cha maua, ile asumini na mrehani ikinukia chumba kizima. Lakini kila nikianza mkono unatoa maua safi kama ya kadi ya mwaliko. Nataka ua lihisiwe, lisitambulike. Nianzie wapi?

Fundi wa Mkomani: Waaleikum salaam, dada. Anza na milango yetu. Maua yale ya kuchonga hayafanani na lolote la uani: ni duara la bikari, petali zimerudiwa mpaka zimekuwa hesabu. Wazee walishafika huko unakotaka kwenda.

Rangi Malindi: Fundi kasema kweli, ila bikari haina harufu! Hilma af Klint wa Uswidi mwaka 1907 alichora picha kumi zenye urefu wa zaidi ya mita 3, zimejaa petali na mizingo inayoelea. Georgia O'Keeffe wa Marekani yeye alilikuza ua moja hadi likajaza turubai yote. Fuata huyu wa pili, kisha futa mistari ya nje, ibaki rangi. Na usitumie nyeupe tupu. Asumini ikilala usiku kucha huingia manjano na kahawia pembeni. Kwangu harufu iko humo.

MwanaLangoni: Hiyo manjano imenigusa sana. Na mrehani je, kijani?

Fundi wa Mkomani: Tazama kikonyo chake, dada. Kina zambarau.