Ushauri: asili ya kumjibu aliyepiga chafya. Rasimu yangu ina makosa gani?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za leo. Naandaa mada ya dakika 15 kwa klabu ya historia, kidato cha pili, wanafunzi Waislamu na Wakristo. Mada ni chafya: kwa nini jamii nyingi zina neno la kumwambia aliyepiga chafya, na kwa nini wengine huiona ni dalili ya jambo. Rasimu ina hoja nne:

1. "Mungu akubariki" ilianzishwa na Papa Gregory I mwaka 590 kwa sababu ya tauni.
2. Watu waliogopa kwa kuwa moyo husimama ukipiga chafya.
3. Waislamu nao wana neno lao. (Sentensi moja tu.)
4. Ukipiga chafya ujue kuna mtu anakusema.

Naomba msinionee haya. Na darasani, mwanafunzi akipiga chafya wenzake wamjibu nini?

Mpekuzi wa Kale
Mkuu, hoja ya 1 iondoe pale juu. Haisimami, hata kama imeenea kila kona ya mtandao.

Tauni ilikuwa ya kweli. Ilimuua Papa Pelagius II mapema mwaka 590, na Gregory, aliyechaguliwa kushika nafasi yake, akaitisha maandamano ya sala katika jiji la Roma. Habari hizo tunazo kwa Gregory mwingine, askofu wa Tours (Ufaransa ya leo), ambaye shemasi wake alikuwa Roma wakati huo. Anaandika kwamba watu 80 walianguka na kufa ndani ya saa moja, maandamano yakiendelea. Kuhusu chafya, hakuna neno. Na anachokieleza ni ugonjwa wa mitoki, yaani uvimbe wa kinena, haukuwa ugonjwa wa mafua.

Chafya inaingizwa kwenye kisa hicho na Jacobus de Voragine, mtunzi wa visa vya watakatifu wa karne ya 13. Yeye ndiye anayesema watu walikufa wakipiga chafya au wakipiga miayo, ndiyo maana apigaye chafya huombewa, naye apigaye miayo hujifanyia ishara ya msalaba. Pengo ni zaidi ya miaka 600.

Pigo la mwisho kwa hoja yako: Pliny Mkubwa, Mroma aliyefariki mwaka 79, anauliza katika kitabu cha 28 cha elimu yake ya viumbe kwa nini tunamsalimu mtu anapopiga chafya. Anaongeza kwamba Kaisari Tiberius, mtu mkavu asiyecheka na mtu, alidai asalimiwe hivyo hata akiwa garini. Desturi ilikuwa imezeeka Roma miaka 500 kabla ya Papa huyo.

Msomaji wa Usiku
Kwa hiyo aanzie Roma?

Mpekuzi wa Kale
Hapana, arudi nyuma zaidi, Ugiriki. Huko tishio la ugonjwa silo lililotangulia. Chafya ilikuwa ndege njema, ishara kutoka kwa miungu kwamba neno lililotamkwa sasa hivi litatimia.

Mfano wa kwanza: utenzi wa Odyssey wa Homer, sehemu ya 17. Penelope anasema mumewe akirudi atawalipiza wachumba walioivamia nyumba yake. Hapo hapo mwanawe Telemachus anapiga chafya, nyumba nzima inavuma. Penelope anacheka: mwanangu ameyapigia chafya maneno yangu yote, basi hao hawaponi.

Mfano wa pili ni wa kihistoria, na vijana wataupenda. Mwaka 401 KK, askari wa kukodiwa wa Kigiriki wamekwama katikati ya himaya ya Uajemi, majemadari wao wamekamatwa kwa hila. Xenophon, Mgiriki mwenzao, anasimama kuwatia moyo. Anapotamka kwamba wana matumaini mengi ya kuokoka, askari mmoja anapiga chafya. Wote wanainama kumsujudia mungu. Xenophon haachi nafasi ipite: anapendekeza waweke nadhiri ya kafara kwa Zeus Mwokozi, anayekubali anyooshe mkono. Mikono yote ikanyooka.

Angalia kanuni yake: chafya ilisomwa kwa kufuata neno lililotangulia. Mtu akitaja kuokoka, chafya inaahidi kuokoka.

Bint Barazani
Mwalimu, hoja ya 3 ndiyo iliyopunjwa kuliko zote. "Neno lao" ni kidogo mno, kwani huo ni utaratibu wa hatua tatu wenye masharti, na uko katika hadithi ya Mtume aliyoipokea sahaba wake Abu Huraira, imo katika mkusanyo wa Bukhari:

Aliyepiga chafya aseme: Alhamdulillah, yaani amhimidi (amsifu) Mwenyezi Mungu.
Aliyesikia amjibu: Yarhamukallah, yaani Mwenyezi Mungu akurehemu. Kwa mwanamke ni Yarhamukillah. Hapo ndipo wengi wanapokosea.
Wa kwanza arudishe: Yahdikumullahu wa yuslihu balakum, yaani Mwenyezi Mungu akuongozeni na atengeneze hali yenu.

Masharti sasa. Asiyemhimidi Mungu hajibiwi: watu wawili walipiga chafya mbele ya Mtume (s.a.w.), akamjibu mmoja, akaeleza kuwa yule alimhimidi Mwenyezi Mungu na huyu hakumhimidi. Chafya zikirudiarudia hadi kuzidi tatu, mtu huyo ana mafua, anaombewa afya. Ndani ya sala usijibu: Muawiya bin al-Hakam as-Sulami alijibu akiwa kwenye swafu, akafundishwa kwamba sala haifai kuchanganywa na maneno ya watu. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyo mengi pwani yetu, kujibu ni suna ya kutosheleza: akijibu mmoja, inatosha kwa waliopo.

Adabu ya mwili nayo ipo: kufunika uso kwa mkono au nguo na kuishusha sauti.

Chanzo chake hakihusiani na tauni. Tirmidhi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, amepokea kwamba Adamu alipopulizwa roho alipiga chafya, akamhimidi Mola wake, naye akamjibu kwa rehema. Chafya hapo ni alama ya uhai kuingia.

Mpekuzi wa Kale
Linganisha hilo na kisa cha Kiyahudi katika Pirkei de-Rabbi Eliezer, sura ya 52. Kabla ya Yakobo watu hawakuugua. Mtu alipiga chafya, roho ikatoka puani, akafa, basi. Ndiyo maana ikawa lazima kumwambia mtu "uhai!" Pua ileile, roho inapita upande wa pili. Ukiziweka simulizi hizi mbili bega kwa bega, wanafunzi wataona swali lenyewe: roho na pumzi.

Pua na Koo
Hoja ya 2: moyo hausimami. Kabla ya chafya unavuta hewa nyingi, shinikizo la kifua linapanda, damu inayorudi moyoni inapungua kwa sekunde chache, na mapigo yanabadili mwendo kidogo kisha yanarudi. Ni hayo tu. Macho kufumba ni kitendo cha misuli kisicho cha hiari, wala hayatoki ukiyaacha wazi.

Waonye wasizibe pua na mdomo kuizuia chafya. Mwaka 2018 madaktari wa Leicester, Uingereza, walichapisha taarifa ya mtu wa miaka 34 aliyefanya hivyo akatoboka koo. Alilishwa kwa mrija kwa siku saba. Ni nadra, lakini inatokea.

Kwa kukinga: kunja kiwiko, zika pua na mdomo ndani yake. Ukitumia kiganja, osha kabla hujashika kalamu ya mwenzako. Katika majaribio ya maabara, wingu la chafya limefika mita 7 hadi 8, kwa hiyo kugeuza uso pekee hakutoshi.

Msomaji wa Usiku
Na hoja ya 4? Hata mtaani kwetu tunaambiwa hivyo.

Mpekuzi wa Kale
Aiite imani, asiseme "ujue". Kwa Warumi kazi hiyo ilikuwa ya sikio: Pliny huyohuyo anasema asiyekuwepo huhisi kwamba anasemwa kwa sikio kuvuma. Wajapani waliiunganisha na chafya tangu zamani. Katika mkusanyo wa mashairi wa Man'yoshu, wa karne ya 8, kupiga chafya ni dalili kwamba mpenzi anakuwaza.

Mzee wa Kusini
Msisahau bara hili. Kwa Wazulu, maelezo yaliyokusanywa na mmisionari Henry Callaway karne ya 19 yanasema chafya huonyesha kwamba mizimu ya wahenga iko na mtu, naye hushukuru. Mtoto akipiga chafya huambiwa "Thuthuka!", yaani kua! Na anayeitwa kuwa mganga hupiga miayo na chafya mara kwa mara.

Mwalimu wa Zamu
Nashukuru sana. Dakika 15 nizigawe vipi? Na darasani wajibu nini?

Bint Barazani
Dakika 4 Xenophon, maana ndiye atakayewaamsha. 3 Pliny na kisa cha Papa. 4 Adamu na Yakobo. 2 Wazulu. 2 kiwiko. Penelope, moyo na Japani viache kwa maswali.

Darasani, Mwislamu akimhimidi Mungu mwenzake wa dini amjibu kama ilivyo hapo juu, mmoja tu, kwa sauti ya chini. Wengine "pole" inatosha, wala hakuna atakayekwazika. Wakati wa mtihani, kiwiko tu na kimya.

Pua na Koo
Na usiwape pilipili manga wanuse ili kuonyesha mfano. Kuna mwenye pumu humo.