Naomba ushauri: stika za WhatsApp za kuwatia moyo transijenda

Wakuu, habari za Mbeya. Stika isiyosogea ni pikseli 512 kwa 512, isizidi KB 100. Bendera ya transijenda (watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa), aliyoibuni Monica Helms mwaka 1999, ina mistari mitano: buluu mpauko, waridi, nyeupe, waridi, buluu mpauko, ukiigeuza juu chini haibadiliki, na hapo ndipo uzuri wake. Tatizo, mstari mweupe unapotea kwenye chati yenye mandhari nyeupe. Ukingo wa kijivu wa pikseli 8 utatosha?

Kubwa zaidi ni usalama. Picha ya kitenge ya kutengenezea stika, iliyopigwa nyumbani Mwanjelwa, ikitumwa kama dokyumenti, inaweza kubeba mahali ilipopigwa, na hapo mtu anaumbuliwa. Programu gani inafuta taarifa hizo bila kutumia bando? Maandishi “Niite jina langu” yatasomeka kwenye simu ndogo?