MREJESHO: Ile moduli ya kupandisha volti niliyouliza, rauta inawaka fresh

Wakuu habari, niliuliza kuhusu kale kamoduli ka MT3608 ka Kariakoo, nakapa betri moja ya 3.7V katoe 12V ya rauta umeme ukikatika, kanachemka hatari na rauta inajizima inawaka. Asanteni sana, tatizo limeisha.

Mlionipigia hesabu mlikuwa sahihi kabisa. Rauta inakula 12V ampea 1, yaani wati 12, sasa moduli haiumbi nguvu, ikipandisha volti inavuta ampea nyingi zaidi upande wa betri, ukiweka na upotevu kwa 3.7V inafika karibu ampea 4, na swichi ya ndani ya ile chipu mwisho wake ni hizo hizo 4, yaani ilikuwa ukingoni kabisa. Lazima ichemke! Nimeunga betri mbili kwa siriizi ipate 7.4V, nikaweka moduli nyingine ya kupandisha volti, XL6009, na BMS ya 2S (kile kibodi cha kulinda betri mbili za siriizi), sasa inavuta kama ampea 2 hivi na naishika kwa kidole bila shida.

Ambaye anataka kujaribu, nakuomba sana seti 12V kwa mita kabla hujaunga rauta, kile kiskurubu cha kusetia volti kwenye moduli unaweza kukizungusha mizunguko kibao volti haijasogea, usikate tamaa ukadhani mbovu. Na fyuzi upande wa betri usiiache, maana hata chipu ikizima, umeme wa betri unapita tu kwenye koili na dayodi mpaka kwenye shoti. Mimi nimeweka ya ampea 4.