Mark X iliyoshushwa inakwaruza matuta na mlango wa pantoni: nirudishe urefu wake au nijifunze kuishi nayo?

Mkazi wa Kigamboni

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Miezi minne iliyopita nilinunua Toyota Mark X ya mwaka 2010, ya injini ya lita 2.5, kutoka kwa kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam ambaye alikuwa amekwisha kulishusha gari hilo na kulifunga ringi za inchi 19. Siku ya kulikagua tulilijaribu kwenye lami tupu, tukiwa wawili tu ndani, na nakiri kwamba umbo lake lilinipumbaza kiasi kwamba sikuinama hata mara moja kutazama uvungu.

Nyumba yangu iko zaidi ya kilomita moja ndani ya barabara ya vumbi, na kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji, ng'ambo ya maji. Kati ya nyumbani na lami yapo matuta matano ambayo wakazi tuliyajenga wenyewe kwa zege baada ya bodaboda kumgonga mtoto, kwa hiyo siwezi kusimama kwenye kikao cha mtaa nikataka yavunjwe kwa ajili ya gari langu. Nimeyapima kwa futi kamba. La chini kabisa lina sentimita 9. La juu kabisa, lililo mbele ya shule ya msingi, lina sentimita 12 na ni jembamba, upana wake haufiki nusu mita. Gari lenyewe likiwa tupu lina sentimita 11 chini ya mdomo wa bampa na 10 na nusu chini ya silensa ya kati. Mke wangu na watoto wawili wakiingia, nyuma linashuka karibu sentimita 3.

Matokeo yake ni kwamba kila jioni tukifika shuleni nasimamisha gari, familia inashuka, mimi navuka tuta kwa mwendo wa kinyonga, kisha wanapanda tena. Watoto wa jirani wamekwisha kuizoea ratiba hiyo: huja kusimama pembeni wakisubiri sauti ya chuma, na ikisikika hushangilia. Pantoni nayo imenishinda. Pale gari linapotoka kwenye mlango wa chuma na kuingia kwenye mteremko wa zege, mdomo wa bampa umekwisha kupasuka mara mbili, na siku nyingi sasa nazunguka Daraja la Nyerere, nikilipa tozo ya daraja na kuongeza mafuta.

Fundi wa jirani amenishauri niweke spesa, yaani kipande cha kunyanyulia bodi, juu ya springi, na rafiki yangu anasema matairi manene yatamaliza kila kitu. Je, ipo namna ya kuliendesha gari hili bila kuliumiza, au nilirudishe kwenye urefu wake wa kiwandani?

Fundi Ilala

Ndugu Mkazi, kabla ya kukujibu swali lako nataka ujue gari lako lilishushwa kwa njia gani, kwa sababu magari mawili yanayoonekana sawa kwa nje huwa si sawa kabisa chini. Lipo lililofungwa springi fupi zilizotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Lipo lililofungwa shokapu za kuzungusha, ambazo mwenyewe unapandisha na kushusha kwa spana. Na lipo lililopelekwa kwa mtu mwenye grainda akakata springi mzunguko mmoja na nusu huku mteja akinywa soda. Hili la mwisho ndilo linaloletwa kwangu mara nyingi, na mteja hulileta kwa malalamiko ya tairi, hata siku moja si kwa malalamiko ya springi.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, kwa hiyo fanya hivi. Nyanyua upande mmoja kwa jeki mpaka tairi ining'inie, weka stendi, usiingize mwili wako chini, halafu shika springi kwa mkono. Ikizunguka au ikicheza kwenye kikombe chake, imekatwa. Springi ya kiwandani hubanwa muda wote, hata tairi ikiwa hewani. Iliyokatwa hulegea, na ipo siku gurudumu litaingia shimoni kwa ghafla, springi itatoka mahali pake na kurudi imekaa upande. Tazama pia ncha yake ya mwisho: ya kiwandani imelala vizuri kwenye kikalio, na iliyokatwa ina ncha kali ambayo mara nyingi imekwisha kula raba.

Kuhusu ugumu, watu wengi hudhani springi fupi ni laini. Ni kinyume chake. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiiondolea mmoja na nusu, inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi nzima, na wakati huohuo umeinyima nafasi ya kushuka, kwa hiyo kila shimo linaishia kwenye ile raba ya ndani ya shokapu. Ndiyo maana gari la namna hii linadunda kama toroli na bado linakwaruza.

Spesa juu ya springi iliyokatwa ni kiraka juu ya kiraka. Bodi itanyanyuka, lakini springi mbovu inabaki ileile. Kuhusu matairi, tuambie saizi uliyo nayo ndipo tupige hesabu.

Jambo la mwisho, kwa sababu mtu atasema kwamba gari limetoka Japani likiwa hivyohivyo. Huenda ni kweli. Ukaguzi wa lazima wa kule unakubali gari dogo lenye uvungu wa sentimita 9, lakini sentimita 9 za barabara ya Japani hazitoshi kufika kwenye tuta lenu la shule.

Mwana wa Likoni

Assalam aleikum. Mimi naandika kutoka Mombasa, na gari langu ni Subaru Impreza lenye shokapu za kuzungusha, kwa hiyo sitakwambia ulirudishe juu. Nakupa yale niliyojifunza kwenye feri ya Likoni, kwani bahari ni ileile.

Kinachokuumiza pale kivukoni ni bahari zaidi ya pantoni yenyewe. Maji yakiwa yamejaa, chombo kinatua juu ya mteremko na gari lako linatoka karibu sawa na barabara. Yakipwa, chombo kinatua chini kabisa, mlango wa chuma unakutana na zege kwa pembe mbaya, na sehemu hiyo ya zege huwa imelika na ina utelezi. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa sana kwenye saa nne au tano, asubuhi na usiku. Tofauti ya kina siku hizo hupita mita 3. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, na saa nazo hugeuka, maji yakapwa wakati ule ambao siku za bamvua hujaa. Kwa hiyo mtu wa ofisini anayerudi jioni ya bamvua huvuka bila shida, na anayetoka nyumbani saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo huacha bampa. Wavuvi wa hapo kwenu wanayajua haya kuliko mimi, waulize.

Kwenye matuta, funga breki kabla ya kulifikia, kisha achia kabisa gurudumu la mbele linapoanza kupanda. Wengi hupanda tuta mguu ukiwa bado kwenye breki, na gari lililofungwa breki huinamisha pua. Kwenye gari langu kosa hilo peke yake hunigharimu sentimita 2 za mbele. Pia vuka kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine.

Fundi Ilala

Namuunga mkono ndugu wa Likoni kuhusu breki na kuhusu maji. Kuhusu mshazari niongeze neno, kwa sababu ushauri huu hutolewa kila mahali bila maelezo. Mshazari huokoa bampa, kwa kuwa mteremko unapokatwa kimshazari huwa mpole zaidi kwa pua ya gari. Hauokoi silensa ya kati. Tuta jembamba likishapita chini ya tairi za mbele, linabaki katikati ya tairi za mbele na za nyuma, na hapo hakuna kinacholinyanyua gari. Mark X ina mita 2.85 kutoka ekseli hadi ekseli. Ili tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikanyage tuta kwa pamoja, ingekubidi ulale karibu sambamba na tuta lenyewe, jambo ambalo barabara ya mtaani haina upana wa kuruhusu. Tuta la sentimita 12 na silensa ya 10 na nusu ni hesabu ambayo udereva hauwezi kuibadilisha.

Mzee wa Crown

Wanangu, nimesoma nikanyamaza, lakini hapa kwenye silensa mmenigusa. Silensa ikikwaruza utasikia kelele, utachomelea, maisha yataendelea. Ulizeni kuhusu sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Gari langu la zamani lilikuwa limeshushwa na mwanangu wakati nikiwa safarini, na siku moja nilipita juu ya jiwe la ukubwa wa kikombe, nikasikia kishindo kimoja tu, kama mtu aliyegonga mlango. Nikasimama, nikachungulia, sikuona tone la oili, nikashukuru Mungu nikaendelea na safari. Sampo ya alumini hupasuka na oili ikaonekana chini. Ya kwangu ilikuwa ya bati, na bati hubonyea. Lile bonde lilikuwa limepanda ndani hadi likakaribia kikombe kinachofyonza oili, kwa hiyo oili ilikuwapo yote lakini injini ilikuwa ikiipata kwa shida, hasa nikipanda mlima. Taa nyekundu ya oili iliwaka na kuzimika mara mbili tatu, nami nikadhani ni waya. Siku ya tatu injini ilianza kugonga, na mwisho wake nilinunua injini nyingine.

Kwa hiyo ukigongwa chini, usitazame oili tu. Pitisha mkono kwenye sampo usikilizie bonde. Na taa ile ikiwaka, zima injini palepale ulipo, hata kama ni katikati ya daraja. Mimi sasa naendesha gari la urefu wake wa kawaida na sioni nilichopungukiwa, ingawa mwanangu hakubaliani.

Mkazi wa Kigamboni

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nililinyanyua gari jana na matokeo yananitia aibu. Springi zote nne zimekatwa. Ya mbele kushoto niliizungusha kwa vidole viwili, na ile raba ya ndani ya shokapu upande huo haipo kabisa. Yamebaki mabaki yake kama makombo ya mkate. Sampo ina mikwaruzo lakini haina bonde, nimeipapasa yote. Matairi ni 225/35R19, na ya nyuma yamelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana, jambo ambalo kwa nje halikuonekana hata kidogo.

Nimeamua kulirudisha. Je, springi za mtumba zinafaa, na nibakie na ringi hizi?

Fundi Ilala

Springi za mtumba za kiwandani zinafaa, ilimradi hazina kutu iliyochimba wala alama ya grainda au ya moto wa gesi. Ukienda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, kununua, usiseme “nataka springi za Mark X” ukaishia hapo. Soma kwanza namba ya modeli kwenye kibati cha gari: GRX130 ni ya kuvuta nyuma, na GRX135 ni ya kuvuta magurudumu yote manne, na springi zao hazilingani. Nunua seti nzima kutoka gari moja, pamoja na shokapu na raba zake, kwa sababu shokapu zako zimefanya kazi muda mrefu zikiwa zimebanwa. Fundi atakayefungua lazima awe na kibano cha springi. Akianza kuilegeza nati ya juu bila kibano, chukua gari lako uondoke.

Sasa hesabu ya matairi. 225/35R19 ina kimo cha sentimita 64. Mark X ya ringi 18 hutoka na 235/45R18, yenye kimo cha karibu 67. Tofauti ni kama 2.8, na nusu yake tu, yaani 1.4, ndiyo inayofika kwenye uvungu. Rafiki yako hakukosea, ila matairi peke yake yasingetosha kuvuka tuta la shule. Uza hizo ringi 19, ongeza kidogo, chukua 18.

Ukimaliza, endesha siku kadhaa springi zikae, ndipo ufanye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, na taa za mbele zipimwe upya, kwa kuwa gari likipanda taa nazo zinapanda na utawapofusha wanaokuja. Suala la nyuzi zilizoonekana usilisubirishe: matairi hayo yasitumike hata kufika gereji.

Mkazi wa Kigamboni (wiki tatu baadaye)

Kazi imekwisha. Gari likiwa tupu lina sentimita 15 na nusu chini ya silensa, na familia yote ikiwa ndani zinabaki 13. Sina cha kujivunia kwa muonekano. Kati ya tairi na madigadi sasa ngumi inaingia, na yule kijana aliyeniuzia alipoliona alisikitika kama amefiwa. Pantoni nimevuka Ijumaa saa nne asubuhi, mwezi ukiwa mpevu, maji yako mbali kabisa, na bampa halikugusa.

Jioni hiyo tulifika mbele ya shule, nikaachia breki, tukavuka tuta sote wanne tukiwa tumekaa. Watoto wa jirani walikuwa wamesimama mahali pao. Walisubiri kidogo, wakatazamana, wakarudi kucheza mpira.