Kupandisha ghorofa za paking stesheni bila kupima jengo la zamani ni uhuni

Wakuu, hii tabia ya kupanua maegesho ya stesheni kwa kuchora ghorofa mbili juu ya jengo lililopo, basi, inatia hasira. Juu ya msingi gani? Ukiuliza unaonyeshwa nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya slabu (sakafu ya zege), eti nguzo zilikusudiwa kubeba zaidi. Nondo iliyonyeshewa miaka kumi huliwa na kutu pale pale inapotokea kwenye zege, ambapo kiungo kinahitaji chuma kizima. Na hata ingekuwa nzima, haisemi lolote kuhusu kilicho chini ya ardhi.

Pigeni hesabu. Slabu ya milimita 200 ina kilo 480 hivi kwa mita ya mraba. Magari madogo tunayahesabia kilo 250 kwa mita hiyo hiyo. Jumla 730. Nguzo inayobeba eneo la mita 8 kwa 5 inaongezewa tani 29 kila ghorofa, bado hujaweka boriti, kuta za ukingo wala vigezo vya usalama. Ghorofa mbili, tani 58 kwenye msingi ambao hakuna aliyeuona!

Kuuona ni kazi ndogo. Chimba shimo kando ya nguzo, pima upana na kina cha msingi, peleka udongo maabara. Toboa vipande vya zege vya kipenyo cha milimita 100 ukavivunje kwa mashine. Zege lililovunjwa muda huo huo lipulizie fenoftalini, dawa ya maabara inayobadilika rangi: likigeuka waridi bado linalinda nondo, lisipobadilika ulinzi umekwisha. Ukikuta sehemu isiyobadilika imeshafika kwenye nondo, acha habari ya kupandisha, anza kukarabati.

Mnaodhani ni woga, tazameni Pipers Row, Wolverhampton, Uingereza. Jengo la maegesho la 1965, slabu yake ya juu ikaanguka Machi 1997: zege lilichakaa kuzunguka nguzo, nguzo zikaitoboa slabu. Ilikuwa usiku, ndiyo maana hakuna aliyeumia.

Halafu kutoka. Stesheni si soko, watu hawaondoki mmoja mmoja. Treni inawamwaga wote kwa mkupuo. Geti moja linalokula sekunde 15 kwa gari linatoa magari 240 kwa saa. Wakishuka wenye magari 300, wa mwisho anatoka baada ya saa moja na robo, na foleni yote hiyo imesimama kwenye rampu, ile njia ya mteremko ya magari kati ya ghorofa. Mnaongeza nafasi na geti mnaliacha lile lile? Wekeni malipo ndani, kabla mtu hajafika kwenye gari, na geti la pili. Rampu ikizidi mteremko wa 1 kwa 10 (mita moja juu kwa kila mita 10 za mbele), mwanzo na mwisho wake uwe nusu ya hapo, la sivyo bampa zinakwaruza.

Upande wa reli ndiyo usiseme. Nyaya za SGR yetu ya Dar–Dodoma zina kilovolti 25. Kreni haiwezi kuzungusha boriti hapo wakati wowote inapojisikia. Inasubiri reli ifungwe na umeme uzimwe, mara nyingi saa chache za usiku. Saa hizo ziandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo, pamoja na majibu ya maabara. Mkandarasi aliyeweka bei bila kuzijua atarudi kudai nyongeza wakati nguzo ziko nusu na paking ya zamani imeshafungwa.